Haipandi Timu, Anapanda Mtu

Mhadhara kwa wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili, Columbus, Ohio

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Nanyi vijana mliojibana kule nyuma karibu na birika la chai, nawaona. Nimepewa dakika ishirini, na mwenyekiti wetu akishika saa hana mchezo, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mwaka nilipofika mji huu, jirani yangu alinichukua kwenda uwanja wa Huntington Park kuwatazama Clippers, timu ya besiboli ya mji wetu. Ilikuwa siku ile ya soseji za senti kumi, mnaijua wenyewe. Nilikula nne, mchezo sikuambulia kitu. Ila jambo moja lilinishika. Mchezo ukiwa umepita nusu, kijana mmoja aliyekuwa anacheza vizuri tu alitolewa. Hajaumia, hajagombana na mwamuzi. Alipofika benchi wenzake wakainuka mmoja mmoja kumkumbatia, mwingine akamvua kofia akamsugua kichwa. Jukwaani watu wakatoa simu. Jirani yangu akasema, "Huyo ndiyo basi tena. Ama kaitwa Cleveland, ama kauzwa." Nikamwambia, "Sasa na mchezo? Si tunaongoza kwa pointi moja tu?" Akacheka, akaenda kuongeza soseji.

Hapo ndipo panapotupiga chenga sisi tuliokulia kwenye soka. Kwetu timu ikishinda inapanda daraja, ikiboronga inashuka, na mji mzima unapanda au kushuka nayo. Besiboli ya Marekani haina habari hiyo. Clippers wakishinda mechi zao zote za msimu, na ni kama 150, mwakani utawakuta palepale. Timu ni mali ya kaunti yetu ya Franklin, lakini wachezaji na makocha ni waajiriwa wa Cleveland, klabu ya ligi kuu. Hiki ni kitalu. Haipandi timu, anapanda mtu. Na siku anapopanda, timu aliyoiacha inaweza kufungwa usiku uleule, na kule Cleveland hakuna bosi atakayekosa usingizi.

Ngazi zenyewe ni nne tangu mpango ulipobadilishwa 2021. Zamani kulikuwa na timu kama 160 zilizofungamana na ligi kuu, leo ni 120, yaani nne kwa kila klabu kati ya zile 30. Miji kama arobaini ikaachwa na viwanja vyake, na kwa kweli kuna miji midogo huko ambayo uwanja ule ndio ulikuwa baraza lao la jioni. Kijana wa Cleveland huanzia Lynchburg kule Virginia, akapanda hadi Eastlake karibu na ziwa, kisha Akron, kisha hapa kwetu, ngazi ya Triple-A, ya mwisho kabla ya ligi kuu. Chini kabisa kuna ligi za mafunzo, Arizona na Jamhuri ya Dominika.

Mtu akifika Columbus unadhani kamaliza. Bado. Cleveland ina nafasi 26 za kucheza, na orodha pana ya watu 40. Aliye kwenye 40 anaweza kupandishwa na kuteremshwa kwa misimu mitatu bila kuulizwa anaonaje. Ilikuwa inafanywa ovyo hadi 2022 walipoweka kikomo cha kumteremsha mara tano kwa msimu. Mara tano! Begi halifunguliwi. Kutoka hapa hadi Cleveland ni saa mbili na kitu kwa gari, ndiyo nafuu yao. Kuna klabu ambazo timu yao ya Triple-A iko mbali zaidi, majimbo kadhaa katikati.

Sasa pesa, maana naona akina baba wameanza kukaa vizuri. Kwa miaka mingi vijana hawa walilipwa kidogo mno. Walipelekana mahakamani na ligi kuanzia 2014, na 2022 ligi ikakubali kulipa dola milioni 185. Mwaka uliofuata wakapata mkataba wao wa kwanza wa pamoja kupitia chama cha wachezaji. Mshahara wa chini hapa Triple-A ukatoka dola 17,500 kwa mwaka hadi 35,800. Kule chini, kwenye ligi ya mafunzo ya Arizona, ulitoka 4,800 hadi 19,800. Hebu linganisheni na ligi kuu: mwaka 2025 wa chini kabisa alikuwa analipwa 760,000. Ukiigawa kwa siku za msimu ni kama dola 4,000 kwa siku. Yaani kijana akiitwa Cleveland akakaa benchi siku tisa au kumi, hata mpira asiuguse, amelingana na ule mshahara wa chini wa mwaka mzima wa Triple-A. Ndiyo maana wanakumbatiana vile.

Lakini kabla ya mshahara kuna dau la usajili, na hapo ndipo watu hudanganyika. Cleveland ilimchukua Francisco Lindor mwaka 2011, wa nane nchi nzima katika uteuzi wa vijana, ambapo klabu huchagua kwa zamu, dau dola milioni 2.9. Miaka miwili nyuma yake walikuwa wamemsajili José Ramírez, kijana wa Dominika, kwa dola 50,000. Mfupi, na hakuna aliyekuwa akimwimba. Wote wawili wamepita hapa Huntington Park, huenda kuna aliyewaona akadhani ni watu wa kawaida. Lindor aliuzwa New York Mets 2021, wakamwandikia mkataba wa dola milioni 341. Ramírez akabaki Cleveland, na kwa miaka mingi ndiye nguzo ya timu. Mimi ukiniuliza nani kati yao alinunuliwa kwa bei nzuri, nitacheka tu. Na kinyume chake kipo: Yankees walimteua Brien Taylor kuwa wa kwanza nchi nzima mwaka 1991, wakampa zaidi ya dola milioni moja na nusu. Akaumia bega kwenye ugomvi wa mtaani, mbali na uwanja. Ligi kuu hakuwahi kuikanyaga.

Nije kwa watu wetu. Mwafrika wa kwanza kuzaliwa barani na kucheza ligi kuu ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mama yake alifanya kazi katika klabu moja ya besiboli kule Randburg, wakaishi humohumo klabuni, mtoto akakua na mpira dirishani. Klabu ya Pittsburgh ikamsajili 2008. Akaitwa juu Aprili 2017. Hesabuni wenyewe miaka. Mara yake ya kwanza kushika gongo alikutana na Jon Lester wa Chicago Cubs, mrushaji mwenye jina, akapiga, akafika beisi ya kwanza. Hakudumu sana huko juu, lakini ile siku hakuna wa kumnyang'anya.

Na jirani zetu Waganda hawako mbali. Lugazi walipeleka watoto wao kwenye fainali za dunia za watoto kule Pennsylvania mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kufika. Mwaka mmoja kabla, Waganda wengine walikuwa wameshinda nafasi hiyohiyo wakanyimwa viza. Sitaki kuingia huko, tutalia. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers wakawasajili Ben Serunkuma na Umar Male. Kisha Pittsburgh, walewale wa Ngoepe, wakamchukua mrushaji David Matoma. Wote wameanzia chini kabisa ya ngazi nilizowaeleza.

Mzee mmoja amenipitishia kikaratasi hapa: "Mwanangu amezaliwa kambini, anasoma sekondari hapa, anarusha mpira sana. Binamu yake yuko Kampala naye anarusha. Nani ana njia fupi?" Swali zuri, mzee wangu. Binamu wa Kampala ni mchezaji huru wa kimataifa, klabu yoyote inaweza kumsajili kuanzia miaka 16. Mwanao, kwa kuwa anasoma hapa, hata kama pasipoti yake ni ya kwingine, anaingia kwenye uteuzi kama Mmarekani yeyote. Hachagui klabu, klabu ndiyo humchagua. Ila ana kitu ambacho binamu hana: akichaguliwa baada ya sekondari na dau likawa dogo, anaweza kukataa, akaenda chuo kikuu, akasubiri tena akimaliza mwaka wa tatu. Na akikubali kusaini, kabla ya kalamu kugusa karatasi mwombe wakala aandikishe ada ya chuo ndani ya mkataba. Jambo hilo lipo, klabu hulipa. Lakini lisipoandikwa siku ile ya kusaini, baadaye hakuna wa kumdai.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Clippers wanacheza Jumanne hadi Jumapili, Jumatatu wanapumzika. Anayetaka kwenda aniachie jina pale mlangoni, gari langu linabeba watu sita.