Pikipiki ya Japani: bei ya kwenye picha na bei ya mpaka nyumbani

SHABANI: Karibuni tena kwenye kipindi. Dada Neema, leo naanza na wewe maana umekaa na watu wa forodha miaka mingi. Kijana kaona Honda CB400 mtandaoni, iko Japani, dola 2,500. Anasema ni ya kutembelea mwenyewe, siyo ya boda wala ya kuuza. Akiileta hapa Tanzania, kodi inapungua?

NEEMA: Haipungui hata senti. Forodha haiulizi utaipanda wewe au utaiuza. Inaangalia thamani ya mzigo mpaka umefika: bei ya pikipiki, nauli ya meli, na bima. Jumla hiyo ndiyo inayotozwa kodi, siyo ile bei iliyoandikwa chini ya picha.

SHABANI: Kwani ile 2,500 ni ya wapi?

NEEMA: Mara nyingi ni FOB, yaani imekufikishia pikipiki melini Yokohama au Nagoya, basi. Tuseme na nauli na bima imefika 3,200. Nasema tuseme, maana nauli haitulii. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa pikipiki iliyokamilika ni asilimia 25. Hapo ni dola 800. Halafu inakuja VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18, na hiyo haipigwi kwenye 3,200.

SHABANI: Inapigwa kwenye 4,000. Kodi juu ya kodi!

NEEMA: Angalau kwenye 4,000. Kwa hiyo 720 nyingine. Umeshafika 4,720, na bado hujalipa tozo ya reli, ada za forodha, bandari, wakala, wala usajili. Karibu mara mbili ya ile bei iliyomkosesha usingizi.

SHABANI: Sasa muuzaji akiandika ankara ya dola 800? Si ndivyo watu wanavyoshauriana vijiweni?

NEEMA: Ndivyo, na ndiyo maana wengine mizigo inalala. TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, wana uwezo kisheria wa kuikataa ankara na kukadiria thamani wenyewe. Na kudanganya kwenye nyaraka za forodha ni kosa la jinai, siyo ujanja. Wakati unabishana nao, gharama za kuhifadhi zinahesabika kila siku.

SHABANI: Lakini mtaani kwetu kuna mtu karudi kutoka Uingereza na chombo chake, na hakulipa ushuru.

NEEMA: Huyo ni mkazi anayerejea, habari nyingine kabisa. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya 2004, inamruhusu mtu anayehamishia makazi huku aingize chombo kimoja cha moto bila ushuru, kama alikimiliki na kukitumia mwenyewe huko nje kwa miezi 12 au zaidi. Na siku za melini hazihesabiwi. Wapo wanaonunua mwezi wa mwisho kabla ya kurudi, halafu wanashangaa wakikataliwa.

SHABANI: Na huyu kijana wetu yuko Tabata, hajahama popote.

NEEMA: Analipa yote. Ila mimi ningemuuliza kwanza kwa nini CB400. Japani leseni ya kawaida ya pikipiki inaishia cc 400, ndiyo maana viwanda vyao vilitengeneza pikipiki nyingi za ukubwa huo kwa soko la nyumbani. Ile Honda, yaani CB400 Super Four, ilitoka kuanzia 1992 hadi 2022. Silinda nne, inaimba vizuri mno, sibishi. Lakini hebu nenda Gerezani, kule Dar wanakouza spea, ukaulizie kabureta yake.

SHABANI: Watakuletea ya Boxer.

NEEMA: Na watakuapia kwamba inaingiliana! [kicheko] Spea zake utaagiza nje, na kila kifurushi kina nauli yake na ushuru wake. Kama shida yako ni kufika kazini, nunua Boxer au TVS hapa hapa, fundi yuko kila kona. Agiza nje pale tu unapotaka kitu ambacho hapa hakipo.

SHABANI: Kama Yamaha Serow. Mimi ile naitamani, nakiri hadharani.

NEEMA: Serow nakuunga mkono. Nyepesi, silinda moja, na kwenye vumbi inakwenda. Ila kuna jambo watu hawalijui. Japani pikipiki inayozidi cc 250 inapelekwa kwenye ukaguzi wa lazima, wenyewe wanauita shaken, kila miaka miwili. Ya cc 250 kushuka chini haipelekwi. Kwa hiyo Serow unayoiona inaweza kuwa haijakaguliwa na mtu yeyote wa serikali maisha yake yote. Omba picha za mnyororo na sproketi, shokapu za mbele kama zinavuja, na ndani ya tanki. Kutu ya ndani ya tanki haionekani kwenye picha ya kupendezesha.

SHABANI: Karatasi je?

NEEMA: Ankara, hati ya shehena, na cheti cha kufutiwa usajili Japani. Halafu linganisha namba ya chesisi. Pikipiki za soko la Japani zina namba fupi, kwa mfano inaanza NC39, kistari, tarakimu saba. Aliyezoea zile za herufi na tarakimu 17 anadhani imekatwa. Haijakatwa. Lakini tarakimu moja ikikosewa kwenye hati ya shehena, kuirekebisha meli ikishaondoka ni gharama na siku. Omba picha ya namba iliyogongwa kwenye fremu, uisome wewe mwenyewe.

SHABANI: Inakuja ndani ya kontena?

NEEMA: Kwenye kreti, petroli imemwagwa, betri imechomolewa. Ukiwa na pikipiki moja unachangia kontena na wengine, kwa hiyo kuna gharama ya kulifungua na kugawa mizigo huku. Hiyo wauzaji hawaisemi kabisa.

SHABANI: Leseni?

NEEMA: Inayozidi cc 125 inataka daraja A. Na namba ya usajili utakayopewa inaanza na MC, kama za boda.

SHABANI: Basi mimi kesho natuma hela ya Serow.

NEEMA: Kesho hutumi hela. Kesho unampa wakala wa forodha mwenye leseni aina, mwaka na cc, akuandikie makadirio, kila gharama na mstari wake. Akikwambia "usijali, tutamalizana huku huku", tafuta mwingine.