Colonus, mkoloni, ukoloni: neno lilivyogeuka

Mabibi na mabwana, tuanze shambani. Kilatini kina kitenzi colere: kulima, kutunza, kukaa mahali. Mlimaji aliitwa colonus. Roma ilipoteka nchi, iliwapeleka raia wake huko na kuwagawia mashamba, na makazi hayo yakaitwa colonia. Mji wa Köln, Ujerumani, ulipewa hadhi hiyo mwaka 50 B.K., na jina limebaki.

Sasa tazameni mgeuko. Mwaka 332 Kaizari Konstantino aliamuru colonus aliyetoroka arudishwe katika shamba alikotoka. Colonus wa zama zile alikuwa mpangaji aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana. Mkoloni wetu ndiye bwana mwenyewe, aliyeitwaa ardhi! Kiswahili kimelipokea neno na kulipanga katika ngeli: koloni ni nchi, mkoloni ni mtu, ukoloni ni mfumo. Ile u- naithamini sana, maana inatuondoa kwenye ukali wa mtawala mmoja na kutupeleka kwenye sheria, kodi na ardhi.

Wengi hukosea kwa kufuata vyeo vya kwenye karatasi. Chukueni Kenya. Mwaka 1895 Waingereza waliitangaza kuwa nchi lindwa, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi wa dola nyingine. Iliitwa koloni mwaka 1920 tu, na hata hapo ukanda wa pwani wa maili 10 ulibaki nchi lindwa, kwa kuwa ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Je, ukoloni ulianza 1920? Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilikwisha kumruhusu mlowezi kukodishiwa shamba kwa miaka 999. Miaka mia tisa tisini na tisa, kabla nchi haijaitwa koloni! Ndiyo maana msomaji wa nyaraka hana budi kuuliza: nani anatoa hati ya shamba, nani anatoza kodi, nani anahukumu? Majibu yakiwa ni ya mgeni, huo ni ukoloni, hata kama karatasi inasema ulinzi au udhamini.

Ubeberu ni jambo pana zaidi. Beberu aweza kukubana kwa mikopo na manowari asikanyage shamba lako. Ndipo tunaposema ukoloni mamboleo: bendera ni yako, lakini bei ya mazao yako hupangwa kwingine, na colere ya mwanzo, ile ya kulima, imebaki mikononi mwako.