Filamu bora za 2025, na runinga inayozilainisha

ZUHURA: Tuanze na la wiki hii kabla halijanipoa. Jumapili nilikuwa kwa mama mdogo, wamenunua runinga mpya, inchi 55. Nikawawekea Adolescence, ile tamthilia ya Netflix, sehemu ya kwanza. Wote mnajua ndiyo namba moja yangu ya mwaka. Polisi wanavunja mlango, kamera inapanda nao ngazi, na mimi naona kama taarifa ya habari. Nyuso zinateleza kama zimepakwa mafuta.

BARAKA: Runinga imelainisha mwendo.

ZUHURA: Niliomba rimoti kabla polisi hawajafika chumbani kwa mtoto.

BARAKA: Dada Zuhura, karatasi yetu inasema tatu zako, tatu zangu, halafu yale mambo matatu ya kumsaidia msikilizaji kuchagua cha kuangalia. Runinga haimo.

ZUHURA: Imo sasa. Mtu akiangalia orodha yetu kwenye runinga ya namna ile, hajaangalia tulichomwambia. Hebu eleza, kamera na vioo ni vyako.

BARAKA: Kwa ufupi basi. Filamu hupigwa fremu 24 kwa sekunde, yaani picha 24 moja moja. Kioo cha runinga huchora picha mara 60 kwa sekunde, au 120 kwenye zile za bei kubwa. Sasa 60 ukiigawa kwa 24 haitoki sawasawa. Fremu moja inaonyeshwa mara tatu, inayofuata mara mbili, tatu, mbili, hivyo hivyo. Kamera ikigeuka polepole unaona kigugumizi. Watengenezaji wakaona dawa ni kuziba mapengo: runinga inachukua fremu mbili zinazofuatana, inakisia katikati kulikuwa na nini, inachora picha ambayo kamera haikuipiga kabisa.

ZUHURA: Na inakosea wapi?

BARAKA: Kwenye kingo. Mkono ukipita mbele ya uso, runinga haijui kilichojificha nyuma ya mkono, kwa hiyo inabuni. Unaona vidole vina kivuli cha ukungu pembeni. Halafu kuna jambo la pili, ambalo watu wanalihisi bila kulijua jina. Kwa kawaida kila fremu ya filamu hupata mwanga kwa 1/48 ya sekunde, kwa hiyo kitu kinachokimbia kinaacha ukungu wake wa asili. Jicho letu limelelewa kuuona ukungu huo kama sinema. Runinga ikiujazia fremu za kubuni, sinema inageuka tamthilia ya mchana iliyopigwa studioni kwa kamera ya video.

ZUHURA: Na Adolescence inaumia kuliko zote, kwa sababu kamera haitulii. Kila sehemu ni pigo moja, hakuna mkato, saa nzima mtu anatembea na kamera. Runinga inabuni fremu saa nzima.

BARAKA: Hapo sikupingi.

ZUHURA: Wape njia ya kuizima.

BARAKA: Jina linabadilika kwa kila kampuni, na hapo ndipo watu wanapopotea. LG wanaiita TruMotion: Settings, Picture, Advanced Settings, halafu Clarity, utaikuta humo, weka Off. Samsung iko ndani ya Expert Settings, inaitwa Auto Motion Plus, na kwenye matoleo ya baadaye Picture Clarity. Sony ni Motionflow. Kama yako ina jina jingine, ingia sehemu ya picha utafute lolote lenye neno Motion au Smooth, zima, rudi kwenye filamu uangalie mtu anayetembea.

ZUHURA: Kuna mtego hapo.

BARAKA: Mtego mkubwa. Mipangilio ya picha mara nyingi inahifadhiwa kwa kila mlango peke yake. Umeizima kwenye HDMI 1 ya kisimbuzi, ukafungua Netflix iliyo ndani ya runinga yenyewe, kumbe kule bado iko hai. Tena filamu ikija kwa HDR, ile picha yenye mwanga na giza la kina zaidi, runinga inabadili na kuchukua seti nyingine kabisa ya mipangilio. Kwa hiyo unazima mara tatu: kwenye kisimbuzi, kwenye programu ya ndani, na tena filamu ya HDR ikiwa inacheza. Na usiiache picha kwenye mpangilio wa Vivid. Hiyo imewekwa ili runinga ing'ae dukani chini ya taa kali, sebuleni usiku inachoma nyuso.

ZUHURA: Mama mdogo aliniuliza, na mpira?

BARAKA: Mpira hauhitaji. Matangazo ya kwetu yanakuja mara 50 kwa sekunde, mwendo umeshajaa. Simba na Yanga watakimbia vilevile.

ZUHURA: Twende kwenye filamu sasa, ila nabaki hapohapo kidogo. Agosti 2019 UHD Alliance, umoja wa kampuni za runinga na filamu, walitangaza Filmmaker Mode, kitufe kimoja kinachozima kulainisha mwendo, kuchonga kingo na kusafisha chenga za picha, na kuacha umbo la picha lilivyo. Kati ya waongozaji waliosimama hadharani kuiunga mkono ni Ryan Coogler na Paul Thomas Anderson. Miaka sita baadaye, wawili hao ndio wametoa filamu kubwa mbili za mwaka, Sinners na One Battle After Another. Walijua watu wengi watakutana na kazi zao wapi.

BARAKA: Sinners ndiyo namba moja yangu, na imeingia kwa picha kabla ya hadithi. Clarksdale, Mississippi, 1932, mapacha Smoke na Stack, wote Michael B. Jordan, wanarudi nyumbani kufungua ukumbi wa muziki. Mpiga picha ni Autumn Durald Arkapaw, mwanamke wa kwanza kupiga filamu ya hadithi kwa utepe mkubwa wa IMAX. Ametumia maumbo mawili. Ultra Panavision 70, upana mara 2.76 ya kimo, na IMAX yenyewe ambayo ni 1.43, karibu mraba. Mashamba ya pamba yanalala kwa upana ule hadi unahisi hakuna pa kukimbilia. Halafu picha inafunguka juu na chini, kifua kinapanuka nayo.

ZUHURA: Kwenye runinga haifunguki hivyo.

BARAKA: Runinga ni 1.78. Kwenye diski, sehemu za IMAX zinajaza kioo chote, zile pana zinakuja na mistari myeusi juu na chini. Inchi 55 ina kimo cha karibu sentimita 68, picha pana inabakiwa na 44. Hapo mtu anaona kioo chake kimeibiwa, anabonyeza Zoom.

ZUHURA: Usibonyeze Zoom!

BARAKA: Ukiivuta picha ya 2.76 ijaze kioo, umekata zaidi ya theluthi ya upana wake. Anayesimama pembeni ametoka kwenye filamu. Hata umbo lile linalobadilika, lililopangwa kwa mkono kabisa, hutaliona likibadilika. Wacha mistari myeusi ikae. Zima taa, itapotea yenyewe.

ZUHURA: Na ile sehemu ya wimbo, ukumbini. Kijana anapiga gitaa, na waliomtangulia na watakaomfuata wanaingia wote: mpiga ngoma wa Afrika Magharibi, gitaa la umeme, DJ, na yule mchezaji wa Zaouli wa Ivory Coast mwenye kinyago. Miguu ya Zaouli inavyokwenda kasi, runinga iliyolainishwa inaifanya uji.

BARAKA: Ndiyo dakika bora ya mwaka, kwangu mimi. Muziki wa Ludwig Göransson na kamera vinatembea pamoja katikati ya watu, na hadithi inasema bila kusema kwamba wimbo unaweza kupasua ukuta wa wakati. Filamu za kutisha nyingi zingesubiri mazimwi ndipo zitutetemeshe.

ZUHURA: Nakubali, na kwangu iko ya pili. Ya kwanza ni Adolescence na nina sababu. Stephen Graham na Jack Thorne wameandika, Philip Barantini ameongoza, sehemu nne, imetoka Machi 2025. Mtoto wa miaka 13 anakamatwa kwa kumuua msichana wa shule yake. Emmy za Septemba zimempa Owen Cooper, anayemcheza mtoto huyo, tuzo akiwa na miaka 15, mwanaume mdogo kuliko wote kushinda kwa uigizaji, na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza.

BARAKA: Na walianza kupiga sehemu ya tatu, ile ngumu kuliko zote, yeye na Erin Doherty chumbani. Hiyo sehemu naiheshimu mno. Chumba kimoja, meza, mtaalamu wa saikolojia na mtoto. Pigo moja pale lina kazi, kwa sababu hasira ya mtoto inapanda mbele yako na hakuna mkato wa kukupa pumzi. Ugomvi wangu ni sehemu ya pili, shuleni.

ZUHURA: Nilijua.

BARAKA: Angalia ilivyojengwa. Kamera ni Ronin 4D, nyepesi, inapokezanwa mkono kwa mkono. Inapitishwa dirishani kumfuata kijana anayekimbia. Mwishoni inafungwa kwenye droni, inaruka juu ya nyumba, inashuka, mtu anaipokea na kutembea nayo hadi usoni kwa Stephen Graham, anayemcheza baba wa mtoto. Kazi ya ufundi naivulia kofia. Lakini ili kamera ifike kote huko, wapelelezi wanatembea korido baada ya korido. Dakika zile zimeliwa na miguu. Jade, rafiki wa Katie aliyeuawa, ndiye mtu pekee pale anayemlilia, na kamera inalazimika kumwacha kwa sababu ina safari. Mkato mmoja tu ungeturudisha kwake.

ZUHURA: Korido zile ndizo hadithi yenyewe. Wapelelezi ni watu wazima waliopotea ndani ya shule wasiyoielewa, hadi mtoto wa mpelelezi anamvuta baba yake pembeni kumfundisha maana ya vile vikatuni vya Instagram. Kwa mkato ungefika haraka, usingepotea pamoja nao. Na kuhusu Katie, mpelelezi Frank anasema wazi kwamba muuaji atakumbukwa na msichana atasahaulika. Tamthilia imelijua kosa hilo na kulitamka.

BARAKA: Kulitamka hakulirekebishi. Ukisema mtu anasahaulika, kisha ukamsahau, umemsahau mara mbili.

ZUHURA: Hajasahauliwa. Droni inaporuka, sauti ya msichana inayoimba ni ya Emilia Holliday, aliyecheza Katie. Kamera imepaa kutoka shuleni kwenda mahali alipouawa, na sauti inayoipeleka ni yake.

BARAKA: Hilo ni zuri, na nimelisikia. Ila mtazamaji wa kawaida hajui ni sauti ya nani. Siwezi kumhesabia mwandishi jambo ambalo limefichwa kwenye majina ya mwisho.

ZUHURA: Sikia lilivyo bila jina, bado ni sauti ya mtoto juu ya mahali pale. Sikubali, Baraka.

BARAKA: Na mimi sikubali. Walirudia pigo hadi kamera ikatii, sehemu ya nne iliyotumika ni pigo la 16. Nani alikuwa akirudia kwa ajili ya Jade?

ZUHURA: Waigizaji walikuwa ndani ya kila pigo. Wiki ya kufanya mazoezi ya maneno, wiki ya kufanya mazoezi na kamera, ndipo wiki ya kupiga, mara mbili kwa siku. Mwigizaji anapata saa nzima bila kukatishwa, kama jukwaani. Tamthilia ya kawaida ingempigia Jade dakika mbili, kisha ikamwambia akasubiri taa zihamishwe.

BARAKA: Basi tuiache hapo. Kwangu ni ya nne.

ZUHURA: Ya nne! Haimo hata kwenye tatu zako?

BARAKA: Haimo. Mbili ni The Pitt. Sehemu 15, kila moja saa moja ya zamu moja ya chumba cha dharura, Pittsburgh. Karibu hakuna muziki wa nyuma, unasikia mashine na viatu. Hiyo nayo inabana muda kama Adolescence, ila inakata, na mkato ndio unaokufikisha kwa kila mgonjwa.

ZUHURA: Umerudi kwenye mkato.

BARAKA: Nimerudi. Tatu ni How to Build a Library, ya Maia Lekow na Christopher King, ya Nairobi. Wanawake wawili wanahangaika kuifufua maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 kwa ajili ya wazungu. Nilitaka kuisema kwa dakika kumi.

ZUHURA: Tumebakiwa na tatu. Yangu ya tatu ni One Battle After Another, wameipiga kwa VistaVision, utepe unapita kwa ulalo badala ya wima, matundu nane kwa fremu moja. Ile barabara ya mawimbi mwishoni, magari yanazama na kuibuka, tumbo lako linazama nayo. Iangalieni kwenye kioo kikubwa iwezekanavyo.

BARAKA: Na yale mambo matatu ya kuchagua?

ZUHURA: Hayaingii. Nina swali la msikilizaji kuhusu sauti, maneno hayasikiki Adolescence, muziki ndio unasikika.

BARAKA: Ni lafudhi ya kaskazini ya Uingereza kwa sehemu, ila kosa kubwa ni njia ya sauti. Umechagua 5.1, sauti iliyogawiwa spika sita, na runinga ina spika mbili. Maneno yamewekwa kwenye spika ya katikati ambayo huna, runinga inayakoroga na mengine. Fungua sehemu ya sauti na maandishi, chagua ile isiyoandikwa 5.1. Na wenye kubania bando, ubora wa juu wa kawaida unakula hadi GB 3 kwa saa, sehemu zote nne ni kama GB 12. Ukishusha hadi ubora wa kati, kama GB 0.7 kwa saa, Adolescence itavumilia kwa sababu mwanga wake ni wa mchana. Sinners haivumilii, usiku wake unavunjika vipande vya mraba.

ZUHURA: Filmmaker Mode ikiwashwa picha inaonekana ya njano na giza kidogo, mwambie asiogope.

BARAKA: Akae nayo siku mbili, jicho litazoea. Dada, na ile sehemu ya pili…

ZUHURA: Muda umekwisha, Baraka. Zima kinasa.