Maharage ya Mbeya na somo la fizikia

Walimu wenzangu, na ninyi wazazi mliosimama kule nyuma, nataka fizikia ya sekondari, inayofundishwa kwa Kiingereza, ifundishwe kwa Kiswahili, na naanza na maharage. Wanaonifahamu wameshayasikia, watayasikia tena mpaka madarasa yetu yabadilike.

Muulize mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Mbeya, kwa Kiingereza, kwa nini maji ya mlimani huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Darasa kimya. Mmoja atakariri sentensi ya kwenye daftari, basi. Sasa uliza kwa Kiswahili: mbona maharage huchelewa kuiva huku kuliko Dar es Salaam? Mikono juu! Huyu atasema kuni mbichi, yule atasema mbegu, wa tatu atasema baridi. Fizikia imeanza, maana sasa kuna madai ya kupima. Leta kipimajoto. Pwani ni nyuzi 100. Hapa, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Chochea moto utakavyo, sufuria ya wazi haipandi zaidi, maji yanakauka tu, na maharage kwenye maji yasiyo moto sana yanachelewa kuiva. Hewa iliyo juu yetu ni pungufu, inayakandamiza maji kidogo, nayo yanageuka mvuke mapema. Na anayejieleza vizuri zaidi kwa Kisafwa au Kinyakyusa, mwache amweleze mwenzake kwa lugha hiyo kwanza. Huyo anafikiri, usimkatize!

Mtanipinga kwa kunitajia Erasto Mpemba, Mtanzania mwenzetu aliyesoma sekondari ya Mkwawa pale Iringa. Alisoma kwa Kiingereza, na makala yake kuhusu maji ya moto kuganda kabla ya yaliyopoa zaidi ilichapishwa mwaka 1969. Kweli, nami najivunia. Ila mnanihesabia aliyefanikiwa. Mimi nawaulizia wenye maswali mazuri kama lake wasioweza kuyatamka darasani.

Mtasema Kiswahili hakina istilahi, yaani maneno ya kitaalamu? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kabla ya hapo Tume ya Makweta, tume ya rais ya elimu, 1982, ilishapendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari. Na Kiingereza sijasema kifutwe. Kifundishwe vizuri, na mwalimu wa Kiingereza, kwenye kipindi chake.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na mitihani sijaigusa, wakati ndiyo inayowatia walimu hofu. Basi nitaje ombi tu: swali la fizikia lichapwe kwa Kiswahili na Kiingereza kwenye karatasi ileile, mtoto achague lugha ya kujibia.