Kwa Fats Domino, Ng'ambo ya Mfereji

Mabibi na mabwana, mpenzi wa rock and roll akifunga safari ya kuzuru nyumba za waanzilishi wake, kwa kawaida huelekea Memphis, Graceland kwa Elvis Presley. Nendeni, ni pazuri. Ila nawasihi mfike na New Orleans, jimbo la Louisiana, mvuke mfereji wa Industrial Canal mwingie mtaa wa Lower Ninth Ward, hadi pembe ya barabara za Caffin na Marais.

Hapo ndipo alipojenga Antoine Domino, yaani Fats, mwimbaji na mpiga piano, mmoja wa waanzilishi hao. Alizaliwa mtaa huohuo mwaka 1928, kitinda mimba wa watoto wanane, katika familia ya Wakrioli, wenyeji wa Louisiana wenye asili mchanganyiko, waliozungumza Kifaransa. Desemba 1949 alirekodi "The Fat Man", na miaka ya 1950 rekodi zake zikauzwa kwa mamilioni. Pesa za kuhama alikuwa nazo. Alibaki. Yeye na mkewe Rosemary walilea watoto wanane, wote majina yao yakianza na herufi A kama la baba, na majirani walimjua kama mtu wa mtaani kwao.

Kwa hiyo msisimame mlangoni mkapiga picha mkaondoka. Tembeeni kwa miguu. Angalieni nyumba nyembamba za mbao, chumba nyuma ya chumba, na viwanja vilivyobaki majani matupu. Tarehe 29 Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipopiga, kuta za mfereji zilibomoka na maji yakazoa mitaa mizima. Fats hakuwa ameondoka, kwa sababu Rosemary alikuwa mgonjwa. Waliokolewa kwa boti. Kabla habari hazijaenea, mtu aliandika kwa rangi kwenye ukuta wa nyumba yake maneno ya kumuaga marehemu, naye yu hai!

Hakurudi tena kuishi pale. Alihamia Harvey, ng'ambo ya mto Mississippi, akafariki huko mwaka 2017. Tangu 2022 sehemu ya Caffin inaitwa kwa jina lake, jambo ambalo kwangu lilichelewa mno.

Mkimaliza mtaani, rudini mjini kwenye makumbusho ya Presbytère. Piano yake nyeupe, aina ya Steinway, iliyozama kwenye mafuriko yale, ilikarabatiwa ikawekwa humo. Ila piano iwe ya mwisho. Mkianzia makumbusho mtaiona kama pambo; mkitoka Caffin mtajua maji yale yalizamisha nini.