Machela Isisimame Mapokezini

Mabibi na mabwana, mliowahi kunisikia nikizungumzia kiharusi mnajua kwamba nitaanza na machela, nanyi mtanivumilia, kwa kuwa sijaona bado sababu ya kuanza na kitu kingine. Mjini Helsinki, mwaka 1998, mgonjwa wa kiharusi kwa kawaida alikaa dakika 105 tangu kufika hospitalini hadi kuchomwa dawa ya kuyeyusha donge la damu. Kufikia mwaka 2011 muda huo ulikuwa umeshuka hadi dakika 20. Dawa ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni safari ya machela: wahudumu wa gari la wagonjwa walipiga simu wakiwa njiani, daktari akasoma historia ya mgonjwa na kuagiza kipimo kabla hajafika, kisha mgonjwa akasukumwa moja kwa moja hadi kwenye mashine ya CT, ile ipigayo picha ya ubongo, juu ya machela ile ile aliyoletwa nayo, na picha ilipoonyesha kwamba ubongo hauvuji damu, akachomwa sindano papo hapo.

Najua yupo atakayeniambia kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba dawa hii akipewa anayevuja damu ubongoni inaweza kumuua. Ni kweli, ndiyo maana hakuna anayependekeza kuiruka picha. Ninachogombana nacho ni foleni ya mambo yasiyostahili kutangulia: fomu, kitanda, majibu yote ya maabara. Kipimo cha damu kisichokosekana ni cha sukari, kwa sababu sukari ikishuka huweza kuleta dalili kama za kiharusi, nacho kinataka tone moja la kidoleni. Vingine husubiriwa kwa mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au anayeshukiwa kuwa na kasoro ya damu. Mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza seli za neva zipatazo milioni 1.9 kila dakika, kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006. Zidisheni wenyewe kwa dakika za kutafuta kalamu. Wala msijifariji kwa zile saa nne na nusu tangu dalili kuanza ambazo dawa huruhusiwa: huo ni ukomo wa kawaida, si posho ya kutumiwa yote.

Muda umenitupa mkono. Aliyemleta mgonjwa aulizwe ni saa ngapi alionekana mzima kwa mara ya mwisho, si saa ngapi alikutwa ameanguka, maana hesabu ya saa hizo huanzia pale alipoonekana mzima. Juu ya kulivuta donge kwa mrija nilikuwa na mengi, lakini mwenyekiti ameshatazama saa mara ya pili; karibuni kwa maswali, ila lile la fomu nimekwisha kulijibu.