Kipimo cha HPV kinaona nini hasa? Mazungumzo na akina mama wa sokoni, Busia

Mama zangu, hamjambo. Najua saa hizi ndo wateja wanavuka kutoka upande wa Kenya, sitawaweka sana.

Nimekuja tuongee kupima kansa ya mlango wa kizazi, na haya maharagwe ndo mfano wangu. Tuseme yako 1000, na 20 yana mdudu. Ukichambua kwa macho unatoa yale yenye tundu, lakini kuna mengine juu yanang'aa kabisa na mdudu yuko ndani anakula. Kipimo cha siki ni hivyo hivyo, nesi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anangoja dakika moja, anatafuta palipogeuka peupe, sasa hapo inategemea taa, macho yake, na kama wewe ni mtu wa 40 siku hiyo basi ndo hivyo tena.

Kipimo cha HPV, wanakiita cha DNA kwa sababu kinatafuta chembe za urithi za kirusi, hakitafuti tundu, kinatafuta mdudu. Kirusi chenyewe, HPV, zile aina hatari, hasa 16 na 18 ambazo hizo mbili tu zinaleta karibu asilimia 70 ya kansa ya mlango wa kizazi. Watafiti walijumlisha tafiti nyingi wakaona katika wanawake 1000, kama 20 wana mabadiliko yanayoweza kugeuka kansa, hiki kinakamata 18, Pap ya kukwangua na darubini inakamata 15 hivi.

Ila kitasema "kirusi kipo" kwa wengine kama 100 ambao hawana mabadiliko yoyote. Hapo ndo watu wanakimbia! Kipimo hakijadanganya, kirusi kipo kweli, ni vile mwili wa wengi, hasa wasichana wadogo, unakifukuza wenyewe ndani ya mwaka au miwili. Ndo maana WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema anza na miaka 30, au 25 kama unaishi na HIV, maana huyo hatari yake ni mara 6. Ukiambiwa hamna, tulia miaka 5 hadi 10, mwenye HIV 3 hadi 5. Ukiambiwa kipo unaangaliwa tena, na kidoa kikionekana mara nyingi kinachomwa kwa joto, dakika chache unaenda nyumbani.

Kijiti cha pamba cha kuchukulia sampuli unaweza kujiingizia ukeni mwenyewe nyuma ya pazia, mashine ikiwa ya PCR, ile inayozidisha chembe za kirusi ili zionekane, inakamata karibu sawa na cha daktari. Shida ni kungoja. Mimi majibu yangu yalikaa wiki 6, kituo sikitaji, mashine ni ileile ya TB na katriji, vile vikopo vya kuwekea sampuli kwenye mashine, zilikuwa zimeisha.

Mama wa nyuma anauliza kama kirusi kikipatikana ina maana mzee ametoka nje. Hapana mama, kinaweza kulala mwilini miaka mingi kabla hata hamjajuana, hakuna mashine ya kujua nani alikileta, kwa hiyo hiyo karatasi usiende kumrushia mtu usoni, ilete kwetu.